Hazikwi Mpaka Korti Iseme

Mie nafundisha katiba. Nasema hivyo mapema, asije mtu akadhani nilikuwa mpita njia tu katika mambo haya. Miaka ile nilikuwa mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja pale Braamfontein, Johannesburg. Mchana kutwa nawaeleza watoto wa wenyewe, kwa Kiingereza cha suti, habari za mihimili ya dola na mamlaka ya korti. Jioni narudi Kensington, navua viatu, nafungua mdomo na Kiswahili changu cha Mombasa kinatoka kama maji ya bomba.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya mzee mmoja Mreno aliyehamia kwa bintiye, akatugawia vyumba. Mbele nilikaa mie. Nyuma alikaa mwanamke mmoja msusi, Mkenya mwenzangu, mtu wa kando ya ziwa. Kwenye gereji alishona nguo fundi mmoja Mkongomani wa Bukavu. Jiko lilikuwa moja, na vita vyetu vyote vilipiganiwa humo: nani kamaliza chumvi, nani kaacha sufuria na ukoko.

Msusi aliniita Wakili. Nikimwambia mie si wakili, sijasimama mbele ya hakimu hata kwa kesi ya kuku, alicheka na kuniita vile vile. "Unaijua sheria au huijui?" Naijua. "Basi nyamaza, Wakili, unipitishie kisu." Alikuwa amenizidi umri, ana mikono yenye nguvu ya mtu aliyesuka vichwa miaka mingi, na alikuwa na kiti chake katika saluni moja ya Marshalltown, ghorofani, juu ya maduka ya nguo. Kiti hicho kilimsomesha mwanawe.

Mwana alikuwa mmoja tu. Alimwacha kwa kaka yake alipokuja Johannesburg, kijana akiwa bado anavaa kaptula ya shule, na sasa alikuwa chuoni. Kila Jumapili alipiga simu ya video. Mama yake aliegemeza simu kwenye kopo la majani ya chai ili aendelee kupika huku anaongea, kwa hiyo na mimi nilikuwa ndani ya mazungumzo, nitake nisitake. Kijana alikuwa mtani, maskini. "Mwalimu, katiba inasemaje kuhusu mtu kunyimwa chapati?" Nikamwambia ibara hiyo ilifutwa tangu enzi za mkoloni. Akacheka mpaka simu ikatikisika. Nilimjua kwa sauti, kwa pengo dogo la meno ya mbele, kwa jinsi alivyoita "Maa" akivuta. Sikuwahi kumwona ana kwa ana hata siku moja, na huyo ndiye mtu aliyenisumbua baadaye kuliko maiti zote nilizowahi kuzika.

Agosti ya 2017 tulikuwa na uchaguzi nyumbani. Mimi nilikwenda Pretoria kupiga kura yangu, nikarudi na wino kidoleni, najisikia mtu. Msusi hakwenda. Kibali chake cha kuishi Afrika Kusini kilikuwa kimekwisha muda zamani, na aliogopa mahali popote penye meza na afisa. "Pigia na mimi," akaniambia. Nikamwambia kura haipigwi kwa niaba. "Nyinyi na sheria zenu," akasema.

Matokeo yakatangazwa usiku. Asubuhi yake, nikiwa nachemsha maziwa na yeye anaosha mchele, simu ikaita. Alikuwa kaka yake. Aliweka sauti kubwa kwa sababu mikono ilikuwa imelowa, ndiyo maana nilisikia yote. Mtaani kulikuwa na kelele baada ya matokeo, watu wamemwagika barabarani, milio inasikika. Kijana alikuwa ndani na mjomba wake. Watu wakaanza kukimbilia uani kwao, kijana akasema ngoja nifunge geti. Akatoka. Risasi ilimkuta mkono ukiwa kwenye komeo. Risasi ya nani, mpaka leo hakuna aliyesema.

Msusi aliendelea kuosha mchele. Alimwaga maji, akatia mengine, akamwaga, akatia. Mie nikachukua simu, nikamuuliza kaka yake maswali ya kipumbavu ambayo mtu huuliza: saa ngapi, hospitali gani, una hakika ni yeye? Fundi alitoka gereji akaja akasimama mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni. Ndipo yule mama akalia. Sitaki kukieleza kilio kile.

Mazishi yangekuwa Jumamosi iliyofuata, hivyo ndivyo kaka alivyopanga. Lakini kabla ya Jumamosi kukavuma maneno, yakasemwa mpaka redioni, kwamba waliokufa katika vurugu zile walikuwa wezi, wavunja maduka. Hayakusemwa juu ya mtu mmoja mmoja. Yalisemwa kwa jumla, kama watu wanavyozungumzia panya. Kaka alimpigia dada yake kumwambia asisikilize redio. Alikuwa ameshaisikiliza.

"Hazikwi," akasema.

Kaka akadhani hakusikia vizuri. "Dada?"

"Hazikwi. Si kwa jina hilo. Wapinzani wamesema wanakwenda kortini, sivyo? Basi hazikwi mpaka korti iseme."

Nilimwelewa baadaye, aliponieleza, tena kwa hasira kwa sababu sikuelewa haraka. Kwao, maiti hailazwi kimya kimya. Watu husimama mmoja mmoja mbele ya jeneza, wanasema alikuwa nani, aliishi vipi, alikufa vipi, na kinachosemwa pale ndicho kitakachosemwa juu ya ukoo ule hata baada ya wasemaji wenyewe kufa. Sasa nani angesimama pale na kusema nini? Alikufa akifunga geti? Wangemcheka moyoni. Mama gani hasemi mwanawe hana kosa? Lakini korti kubwa ya nchi ikisema uchaguzi ulikuwa mbovu, kura ziliibwa, basi wezi watakuwa wengine, na mwanawe atatoka humo.

"Korti haitaangalia hayo," nikamwambia. "Korti inaangalia kura."

"Kura zikiibwa, mwizi nani?"

"Aliyeziiba."

"Basi."

Nilikuwa na hoja zangu zote, nimezipanga vizuri tangu chuoni, na hazikunisaidia kitu. Nikamweleza tu kile nilichokuwa na uhakika nacho: katiba ya kwetu inaipa Mahakama ya Juu siku kumi na nne tangu kesi ya urais kufunguliwa, na haiongezi hata moja. Alikishika hicho kama mtu anayezama. Kila aliyepiga simu kutoka nyumbani, wazee, wajomba, mchungaji, alimwambia: siku kumi na nne, si mimi niliyesema, ni katiba, muulizeni Wakili. Na mie nikawa napewa simu, jamani, niwaeleze wazee wenye maiti mochwari ibara inasemaje.

Kwenda mwenyewe hakuweza, na hilo nilieleze. Mtu aliyepitisha muda wa kibali Afrika Kusini, siku akitoka mpakani anaandikwa hatakiwi, asirudi kwa miaka mitano. Kutoka kungekuwa kupoteza kile kiti cha Marshalltown, na kiti ndicho kilikuwa kinamlisha hata huyo kaka na watoto wake. Kwa hiyo alingoja, na sisi tukangoja naye.

Yalianza mambo ya geti. Nyumba za Kensington, kama hukuwahi kuziona, zina kuta, na juu ya kuta nyaya za umeme, na mbele geti la chuma, na kwenye geti mnyororo na kufuli. Jua likizama kila mtu anafunga. Yeye akaacha kufunga. Si kwamba alisahau. Fundi anafunga, na baada ya muda ukichungulia unakuta mnyororo umelala chini na geti liko wazi mpaka barabarani.

"Eish, mama," fundi akamwambia, "hapa ni Joburg. Watatuchinja siye wote."

"Asiende mtu getini," akasema. "Nimesema asiende mtu."

Fundi akaniangalia mimi. Mie nikaangalia chini. Baada ya hapo alianza kuegemeza cherehani kwenye mlango wa gereji, na hakusema neno tena juu ya geti.

Na mie nikaanza kusikia. Mie si mtu wa majini, ingawa nimetoka Mombasa na kila mtu hunitarajia niwe nayo. Lakini wakati wa magharibi, nikiwa natawadha, nilisikia ndala zikipita kwenye ukumbi, nyepesi, za mtu mrefu anayeburuta miguu kidogo. Zinaelekea nje. Kisha zinakatika. Mara ya kwanza nilidhani ni fundi. Mara ya pili nilimwita fundi akajibu kutoka gereji. Nikasoma Ayatul Kursi kwa sauti, nikatoka na ndoo ya maji mkononi kama silaha, nikasimama kibarazani. Hapakuwa na mtu. Geti lilikuwa wazi, barabara imetulia, roboti ya kule kwenye njia panda, ndivyo wanavyoita taa za magari, inabadilika nyekundu, kijani, hakuna gari. Niliogopa, wallahi niliogopa, na kilichonitisha zaidi ni kwamba nilitaka kumwita kwa jina.

Sikumwambia mama yake. Siku moja, akiwa anamenya vitunguu, akaniuliza bila kuniangalia: "Na wewe unamsikia?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kumenya.

Katika siku hizo za kungoja nikapata wazo, na kama mawazo yangu mengi, lilikuwa na nia nzuri na kichwa kibovu. Nikasema nimpeleke aone korti. Pale juu ya kilima, karibu na chuo chetu, ipo korti ya katiba ya nchi ile, na mimi huipenda. Milango yake mirefu ya mbao, ndani mwanga, mtu yeyote anaingia, hata wewe na ndala zako. Nilitaka aone kwamba kuna mahali duniani ambapo korti haina sura ya kuuma mtu. Tulikwenda Jumatatu, siku ambayo saluni yao ilifungwa.

Alitembea mkoba ameukumbatia kifuani. Nikamweleza kwamba hapa palikuwa na jela, jela mbaya ya enzi za ubaguzi, na walipoijenga korti walibomoa jengo la mahabusu wakayatumia matofali yake yale yale kwenye ukuta. Ngazi za jengo lile zimeachwa, zile pale, zinapanda na hazifiki popote. Kila mgeni nikimwonyesha hayo hushika moyo.

Yeye akauendea ukuta. Akaweka kiganja kwenye tofali moja, akakiacha hapo. Sijui alikuwa anasikiliza nini.

"Waliokuwa wanangoja humu ndani," akasema, "ambao walikufa kabla ya kesi. Hawa wenye korti waliwaambia nini?"

Nikaanza kusema kuhusu kumbukumbu, makumbusho, majina yaliyohifadhiwa.

"Sikuulizi waliwajengea nini. Nauliza waliwaambia nini."

Akafuta kiganja kwenye sketi, akasema twende, baridi. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikiwa na vitabu na kahawa, na tangu siku hiyo sipiti karibu na ule ukuta. Nazunguka upande wa barabara.

Hukumu ilisomwa Ijumaa, mwanzo wa Septemba. Nilikuwa ofisini, mlango nimefunga, na wanafunzi wawili wa Kikenya waliokuja kwa sababu kwangu kulikuwa na intaneti ya bure. Jaji aliposema uchaguzi haukufanywa kulingana na katiba, na matokeo ni batili, urudiwe, mmoja wa wanafunzi alipiga magoti. Mie nikapiga vigelegele. Ndiyo, humo humo ndani ya kitivo cha sheria, nikapiga vigelegele mpaka profesa mmoja mzee akatoa kichwa mlangoni kuuliza kama kuna aliyeumia. Bara zima hili, korti gani ilikuwa imewahi kumfutia rais aliye madarakani ushindi wake? Simu yangu haikunyamaza. Nilifuta darasa la mchana, nikanunua nyama, nikapanda teksi kwenda nyumbani na uso wangu wote meno.

Nilimkuta jikoni, ameketi. Hakuwa amekwenda kazini. Fundi alikuwa amesimama karibu naye, mikono inaning'inia, na nilipoingia alinitazama kwa jicho la kuniambia punguza. Fundi huyo ndiye aliyenipongeza hapo awali kwa simu, akipiga kelele. "Siye kwetu uchaguzi inangojewa tangu mwaka jana mpaka tumeisahau," alikuwa ameniambia. "Nyinyi muko na korti ya kweli!"

"Wakili," yule mama akasema. "Wamesema kura zimekuwa nini?"

"Batili."

"Maana yake?"

"Zimefutwa. Kisheria ni kama uchaguzi haukufanyika."

"Haukufanyika."

"Eeh."

"Na matokeo waliyotangaza usiku ule?"

"Hayapo tena. Ni kama hayakutangazwa."

Alitikisa kichwa polepole, kama mwanafunzi mwema anayefuata somo. Kisha akauliza: "Basi mwanangu alitoka nje usiku gani?"

Nilikuwa bado nimeshika mfuko wa nyama. Nikaanza, Mungu anisamehe, nikaanza kumweleza. Kwamba ubatilifu una mipaka, kwamba unahusu matokeo na si matukio mengine, kwamba mambo yaliyotendeka hayafutwi kwa kuwa tu msingi wake umefutwa. Nilisikia sauti yangu ile ya darasani. Akainua mkono kunizuia, si kwa hasira, kama anavyomzuia mteja asitikise kichwa. Nyama ile ilipikwa na fundi na hakuna aliyeila.

Nilidhani sasa atawaruhusu wazike. Kumbe alikuwa amesikia kitu nilichokuwa nimekipuuza. Majaji walisema ule ulikuwa uamuzi kwa ufupi, sababu zake kamili watazisoma baadaye.

"Bado hawajamaliza," akamwambia kaka yake kwenye simu. "Wana mengi ya kusema. Watafika kwake."

Nikasikia kaka akilia, mtu mzima yule. "Dada, maiti imechoka. Sisi tumechoka. Kila asubuhi nikipita mochwari naona aibu kama mimi ndiye niliyemfungia humo."

"Angoje. Amengoja."

Alipokata simu nikamvaa. Sikuweza tena. Nikamwambia hawatafika kwake, hawatamtaja, hakuna aliyewauliza habari zake, na korti hujibu inachoulizwa tu. Nikamwambia hao majaji hawajui kama alizaliwa.

"Mbona hamkuwauliza?"

"Sisi akina nani?"

"Nyinyi. Nyinyi mnaojua kuuliza."

"Mie si wakili!" nikapiga kelele. Kelele hasa, mpaka jirani wa upande wa pili akazima redio yake.

"Najua," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kunikubalia, na iliniuma kuliko angenitukana.

Siku mbili hatukusemezana, tukapishana jikoni kama wageni wa hoteli. Ya tatu akaniletea uji chumbani, akauweka juu ya vitabu vyangu, akasema umekonda. Hivyo ndivyo tulivyopatana.

Siku ya sababu kamili majaji walisoma kutwa. Tuliketi jikoni sisi watatu na simu yangu imeegemea lile kopo la majani ya chai, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuiegemeza. Walisoma Kiingereza kigumu, mie natafsiri. Fomu zisizo na sahihi. Fomu zisizo na muhuri. Mitambo ya tume ambayo haikufunguliwa ikaguliwe. Namba za kituo hiki hazilingani na za kituo kile. Ilikuwa kazi safi, niseme ukweli. Kama msomi nilikuwa na furaha, na kama binadamu nilikuwa namtazama yeye, na hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kusalimiana. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Kila jaji alipovuta pumzi ili aanze aya mpya, yeye aliinua uso.

Jioni wakamaliza. Wakasimama, wakainama, wakatoka.

"Fomu isiyo na muhuri wanaijua iko kituo gani," akasema. Akanyanyuka, akawasha jiko, akapika ugali, na tulipokwisha kula akasema anakwenda nyumbani.

Fundi akasema: "Mama, hawatakurudisha hapa."

"Nimengoja korti. Imesema yake. Sasa nakwenda mwenyewe."

Kiti chake cha saluni alimwachia msichana mmoja wa Burundi. Uwanja wa ndege nilimsindikiza mpaka pale ninaporuhusiwa kufika. Baadaye alinisimulia kwa simu jinsi afisa alivyotazama pasipoti, akatazama kompyuta, akaandika karatasi ya miaka mitano, akamwambia kwa upole kwamba ana haki ya kukata rufaa na siku alizopewa kufanya hivyo. "Nilicheka, Wakili. Nilicheka mpaka akaita mwenzake." Nilicheka na mimi, kisha nikaenda chumbani kwake kulipokuwa na kitanda kitupu na harufu ya mafuta ya nywele, nikakaa.

Siku ya mazishi kaka yake alitupigia kabla ya shughuli kuanza, akatia simu kwenye mfuko wa shati, akatuambia tusikate. Mimi na fundi tulikaa jikoni, Kensington. Tulisikia nyimbo. Tulisikia wazee wakisema, mmoja mmoja, kwa lugha yao, na sauti zao zilikuwa za watu wanaokwepa kitu. Mchungaji akaomba. Kisha pakawa na mtikisiko wa watu kupeana nafasi, na nikamsikia yeye.

Hapa lazima niseme jambo moja la kwetu. Pwani, maiti hasaliwi mpaka mtu wake asimame mbele ya watu aulize: yupo aliyedhulumiwa na huyu, ana haki yake kwa huyu? Aseme sasa. Msusi alikuwa ameliona hilo mara moja, tulipomzika mzee mmoja wa Tanga hapo Johannesburg, akaniuliza njiani kwa nini tunafanya vile. Nilimjibu kwa kifupi, nikasahau. Kwao hakuna desturi hiyo.

Akasema kwa lugha yao, kisha akarudia kwa Kiswahili, ili na wageni wasikie.

"Huyu ni mwanangu. Imesemwa redioni ni mwizi. Korti haikumtaja. Basi nauliza mimi, kaburi likiwa wazi. Nani ameibiwa na huyu? Kama ni duka lako, kama ni kuku wako, kama ni mlango wako aliuvunja. Njoo hapa mbele useme. Hutapigwa. Nakungoja."

Akangoja. Tukasikia turubai likipigwa na upepo. Ng'ombe akalia mbali. Mtoto akauliza kitu, akanyamazishwa. Fundi aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nilijua yuko pale amesimama, mikono ile imefungwa mbele, anatazama watu uso kwa uso, na hakuna anayejua afanye nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafanyia vile. Watu wakaanza kukohoa. Kimya kikapita kiasi, kikawa kirefu cha kutisha, na bado hakusema. Nikamsikia kaka yake, karibu kabisa na simu, akinong'ona: "Dada, inatosha."

"Wape nafasi," akasema. "Wengine wanatoka mbali."

Akawangoja tena, hao wa mbali. Mie nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi.

"Hakuna," akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kuniomba kisu. "Hakuna aliyekuja. Mmeona wote. Sasa mzikeni."

Nikasikia jembe la kwanza.